Mama Joan wa Shaba

Jumamosi asubuhi wanawake wa Eldersham waliingia kanisani na ndoo zao, kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye kilicho chake. Hakuna aliyewahi kuwagawia. Mwenye mabenchi alikuwa na mabenchi, pamoja na ncha zake za mwaloni zilizochongwa nyani, mwanamke mlevi na mbweha aliyevaa joho la kasisi. Mwenye mimbari alikuwa na mimbari na saa yake ya mchanga. Hilda Mace alikuwa na maua, na kwa kuwa maua hukaa karibu na birika la ubatizo, alikuwa pia na wale simba wa mawe wanaolibeba birika, ambao aliwaosha nyuma ya masikio kama watoto wanaokwenda shule. Ungeweza kuzaliwa Eldersham, ukazeeka na kuzikwa pale pale, bila kumgusa simba hata mmoja, kwa sababu simba walikuwa wa Hilda.

Audrey Larter alikuwa na Mama Joan.

Mama Joan alilala sakafuni, mbele ya kiambaza cha mbao kinachotenga altare na watu, chini ya wale watakatifu waliochorwa ambao zamani wanaume wenye hasira, waliochukia sanamu, waliwakwangua nyuso kwa misumari. Alikuwa bamba la shaba, lililokatwa kwa umbo la mwanamke na kulazwa ndani ya jiwe. Gauni lake lilikuwa refu, lenye mikunjo mingi, na kichwani alijitanda shela. Mkono wake mmoja ulikuwa kifuani. Mwingine ulimpakata mtoto mchanga aliyeviringwa nguo kuanzia shingoni hadi miguuni, kama mkate uliofungwa kwa safari. Miguuni pake alilala mbwa. Maandishi ya pembeni yalisema kuwa Joan ni jina lake mwenyewe, kwamba alikuwa mke wa mfanyabiashara wa sufu, kwamba alifariki pamoja na mtoto wake, na yalimwomba kila apitaye amwombee.

Ukoo wa Audrey haukulala kanisani. Ulilala nje kwenye majani, upande wa kaskazini ambako jua halifiki, bila jiwe wala jina. Walikuwa wachunga kondoo na wakata manyoya, watu ambao migongo yao ndiyo iliyolipia shaba ile. "Huyu aliivaa sufu," mama yake Audrey alikuwa akisema, "sisi tuliichambua mavi." Lakini aliyasema hayo bila chuki, huku akimfuta yule tajiri paji la uso taratibu, kama anavyofutwa mgonjwa mwenye homa.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kazi. Audrey alikuwa mdogo kiasi cha kutosha kupita chini ya benchi bila kuinama. Walipiga magoti wote wawili juu ya mto mmoja, mama akamimina dawa ya kung'arishia shaba kutoka kwenye kopo, ile dawa yenye harufu kali inayokaa puani hadi wakati wa chakula cha mchana, akamwonyesha: anza na paji la uso, zungusha, zungusha, shuka kwenye mashavu, kisha mtoto, kisha mikunjo ya gauni mmoja mmoja mpaka pindoni. Halafu basi.

Audrey aliuliza kuhusu mbwa.

"Mbwa mwache," mama yake akamwambia. "Ana wivu na bibi yake huyo. Ukimgusa atakuuma."

Mtoto alirudisha mkono mbio. Yule mbwa alikuwa nusu gizani, chini ya benchi la mbele, na kumfikia ilibidi mtu alale kifudifudi. Miaka ilipita, Audrey akajua vizuri kabisa kwamba shaba haiumi. Lakini mkono ulikuwa umeshajifunza. Ulifika kwenye pindo la gauni ukasimama wenyewe.

Alikua, akapata kazi jikoni kwenye shule ya kijiji, akawa mpishi wa madonge ya unga na mchuzi wa nyama ambayo watu wazima wenye mvi wanayakumbuka hadi leo. Akaolewa na Percy Larter, mpiga kengele. Percy ndiye aliyeivuta kengele kubwa kuliko zote, na aliposhuka mnarani viganja vyake vilinukia kamba. Siku ya harusi, bibi harusi alipokaribia altare, ghafla alikwepa pembeni na kunyanyua gauni lake jeupe. Kanisa zima likazuia pumzi. Watu walidhani amebadilisha nia. Kumbe hakutaka kumkanyaga Mama Joan uso. Percy aliisimulia hadithi ile kwenye baa kwa maisha yake yote. "Nilioa wake wawili siku moja," alikuwa akisema, "na yule wa shaba ndiye asiyenigombeza." Kila Jumamosi, Audrey akichukua kopo na kitambaa, Percy alimsindikiza mpaka mlangoni. "Nenda kwa mke mwenzio. Msalimie. Mwambie mimi ni mzima."

Walipata mtoto mmoja, wa kike, majira ya baridi. Alikuwa mdogo mno kubebwa hadi kwa simba wa Hilda, kwa hiyo kasisi alikuja nyumbani akambatiza jikoni, kwa maji yaliyokuwa kwenye bakuli la kukandia unga. Wakampa jina la Rhoda. Wiki haikuisha.

Kijiji kilileta keki. Ilikuja keki ya tangawizi, ikaja keki ya matunda, zikaja nyingine zilizofunikwa kwa vitambaa safi, zikawekwa kwenye ngazi ya mlango, na walioziweka wakaondoka kwa nyatunyatu. Hakuna aliyetaja jina la mtoto. Hawakuwa watu wabaya. Watu wa Eldersham wanaamini kwamba huzuni ya mtu ni chumba chake, na hubishi hodi kwenye chumba cha mtu asiyekuita. Na mwenye chumba, kwa kuwa amelelewa vile vile, hukaa humo ndani akisubiri hodi.

Hodi haikuja. Basi Audrey akamwambia Mama Joan.

Hakumwambia kwa maneno, au kwa maneno machache tu, yale ya chini chini ambayo mtu husema akiwa na kazi mkononi. "Wako hajambo?" alimwuliza. Mtoto wa shaba wakati ule alikuwa na macho mawili ya duara, kinywa kama punje ya ngano, na zile nguo alizoviringwa zilikuwa zimepishana vizuri kifuani. Audrey alimsugua yeye kuliko kitu kingine chochote. Alimsugua mpaka akang'aa hata siku za mvua, wakati mwanga wote wa madirisha ulikuwa wa kijivu. Akirudi nyumbani Percy alimtazama macho, akaweka birika la chai jikoni bila kuuliza.

Kisha Percy naye akaondoka, mchana mmoja, katikati ya maharagwe yake bustanini, kamba ya kuyafungia ikiwa bado mkononi. Kengele yake ilipigwa na mtu mwingine siku ya maziko, na kila mtu alisikia kwamba imechelewa kidogo. Baada ya hapo Audrey alianza kwenda kwa Mama Joan Jumatano pia.

Mambo ya ajabu yalianza wakati ule. Kopo la dawa lilipotea kwenye kabati la chumba cha mavazi ya kasisi. Audrey akaleta lingine, nalo likapotea. Hilda akasema labda ni panya. Audrey akajibu kwamba hajaona panya anayefungua kifuniko cha kuzungusha. Mwenye duka akaanza kusema dawa ile haiagizwi tena, ingawa Audrey aliiona kwenye rafu nyuma ya kichwa chake. Siku moja akakuta zulia jekundu limetandikwa juu ya Mama Joan, na hakuna aliyejua limetoka wapi. Akalikunja, akaliegemeza ukutani. Alianza kununua dawa mwenyewe kwenye mji wa soko, akawa anakuja nayo kwenye kikapu, chini ya skafu. Aliona tu kwamba watu wanazeeka na kusahausahau, akawahurumia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Kasisi Rosalind Pym alipokuja Eldersham.

Kasisi Rosalind alikuwa mgeni, mwanamke mwenye buti na sauti ya uwanjani, asiyejua bado nani mwenye nini. Alimwita mtaalamu wa vitu vya kale, Bwana Felstead, aje kumtazama Mtakatifu Kristofa aliyechorwa ukutani, ambaye kwa unyevu alikuwa amebakiwa na miguu, maji na samaki wawili, na samaki nao walianza kubanduka. Bwana Felstead alikuja Jumamosi. Alipomaliza na samaki alitembea akielekea altare, akamkuta Audrey amepiga magoti, akapiga magoti naye.

Alimwuliza ni nani anayeisafisha shaba hii.

"Mimi," Audrey akasema. Kulikuwa na majivuno kidogo humo, na alikuwa na haki nayo. "Na kabla yangu, mama yangu."

"Kwa dawa hiyo?"

"Kwa dawa hii na kwa mkono."

Bwana Felstead hakuwa mtu mkali. Alikuwa na uso wa daktari wa mifugo mbele ya mwenye ng'ombe. Akaeleza polepole kwamba dawa ile ni mchanga laini sana, na kwamba inang'arisha kwa kula. Kila ukisugua, shaba kidogo inabaki kwenye kitambaa.

Audrey akakitazama kitambaa chake. Kilikuwa cheusi. Kila Jumamosi kilikuwa cheusi, na kila Jumamosi alikifua nyumbani akiona maji yanavyobadilika rangi, akafurahi kwa uchafu aliomtoa Mama Joan. Haukuwa uchafu. Alikuwa Mama Joan mwenyewe.

"Nilifika hapa nikiwa mwanafunzi, na mwalimu wangu," Bwana Felstead akaendelea, na hakujua anachokifanya. "Tuliomba isiguswe tena. Wakati ule mtoto alikuwa bado na jicho moja."

Malaika wa mbao kule darini, ambao hawajawahi kusema kitu, wakawa na wenzao.

"Mlimwambia nani?" Audrey akauliza.

Mtaalamu aligeuka kuwatazama wanawake. Mwenye mabenchi alikuwa akifuta benchi alilokwisha kulifuta. Mwenye mimbari alikuwa ameinama ndani ya mimbari, haonekani. Hilda Mace alikuwa amewapa kisogo, akinyofoa majani kwenye ua ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Ndipo Audrey alipomtazama Mama Joan. Alikuwa akimwona kila wiki, na kitu unachokiona kila wiki hukioni. Mke haoni mume akiota mvi. Sasa aliona paji la uso laini kama mgongo wa kijiko. Pua haikuwepo. Mkononi mwa yule mama kulikuwa na kitu cha mviringo, kisicho na macho wala kinywa, kama kipande cha sabuni kilichotumika kikakaribia kwisha.

Alikikunja kitambaa, upande mweusi ndani. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akapita mbele ya miguu ya Mtakatifu Kristofa, akatoka.

Jumapili hakuja. Wala Jumamosi iliyofuata.

Na Eldersham ikafanya nini? Ikaleta keki. Zilirundikana kwenye ngazi ya mlango kama zamani, tangawizi na matunda, na safari hii hata mkate wa mayai na jibini kutoka kwa mzee wa kanisa ambaye hajawahi kupika. Audrey aliwapa ndege. Kisha akaosha kila sahani, akaikausha, akazipanga zote kwenye benchi la mawe mlangoni mwa kanisa, safi, tupu, bila neno. Kila mmoja alikuja kuchukua yake akiwa ameinamisha kichwa.

Huo ndio upole wa Eldersham, na ni lazima uitwe kwa jina lake: ni woga uliovaa nguo za Jumapili. Watu hawa wangemchangia Audrey kuni, wangelala hospitali naye, wangembebea jeneza la mumewe begani, na walifanya hivyo. Lakini kumwambia sentensi moja ya kweli, sentensi fupi, hawakuweza. Wakaona heri yafutike macho ya mtoto.

Hilda alikuja kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni, ambao Eldersham huutumia mtu asiyetaka kuhesabiwa kuwa amekuja. Hakuleta keki. Mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi.

Audrey alikuwa akimenya viazi. Hakuinuka.

"Kama umekuja na sahani," akasema, "iache nje na wenzake."

"Sijaja na kitu."

"Basi umekosea nyumba, Hilda Mace."

Hilda akakaa bila kukaribishwa. Kwanza akazungumza habari ya mvua. Akazungumza habari ya simba mmoja ambaye ameota ukungu puani. Audrey alimenya kiazi kimoja mpaka kikawa kama karanga. Mwishowe Hilda akasema kwamba siku ile yule mwalimu wa Bwana Felstead alipokuja, Percy alikuwa hata majani hayajaota juu ya kaburi lake. Walikuwa wanne kwenye chumba cha mavazi: kasisi wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, wazee wawili wa kanisa na yeye. Wakaambiwa dawa ikomeshwe. Wakatazama mlangoni, na Audrey alikuwa pale sakafuni, akimsugua yule mtoto huku machozi yakidondoka juu ya shaba, na yeye anayafuta na kuendelea.

"Tukasema tungoje kidogo," Hilda akasema. "Mpaka upate nafuu. Halafu kidogo ikawa kidogo zaidi. Mwenzangu, nani angekunyang'anya kile kitambaa?"

"Wewe." Audrey akaweka kisu mezani. "Wewe ndiye ungeninyang'anya. Tumekaa dawati moja tangu hatujui kusoma. Ulikuwa unanikata nywele. Ungenijia ukaniambia, Audrey, acha, unamuumiza. Ningekupiga kwa kopo, halafu ningeacha. Na jicho lingekuwepo."

Hilda akayatazama maganda ya viazi.

"Mkaniibia makopo."

"Yako chini ya kitanda changu," Hilda akakiri. "Yote. Mume wangu hudhani naficha pombe."

Kitu kilitikisika usoni mwa Audrey, karibu kiwe kicheko, kikarudi. Akageukia dirisha. Hilda akadhani amefukuzwa, akaanza kuinuka.

"Hata yule wa kwangu hamkumtaja," Audrey akasema, bado akitazama dirisha. "Uliniletea keki ya tangawizi. Nilikuona kupitia pazia. Ulisimama pale mlangoni ukainua mkono ubishe, ukaushusha, ukaenda zako. Nilikuwa nyuma ya mlango, Hilda. Nilikuwa nimeshashika komeo."

Hilda akafunika mdomo.

"Taja jina lake."

"Audrey..."

"Hakuna mtu aliyelitaja isipokuwa kasisi na Percy, na wote wamekufa. Nimebaki peke yangu nalo. Litaje."

"Rhoda," Hilda akasema. Lilitoka kwa sauti ya chini, likikwaruza. Akalirudia, safari hii vizuri, kama anamwita mtoto aje ndani kula. "Rhoda Larter. Alikuwa na nywele nyeusi. Nilimwona. Siku ile ya kubatizwa nilisimama kwenye ua nikachungulia dirishani, kwa sababu sikualikwa, na sikutaka kukosa."

Audrey aliishika meza kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo alikuwa hajui kwamba yuko mtu mwingine duniani anayekumbuka zile nywele.

Wakanywa chai. Chai ya kwanza ilipoa, wakatengeneza nyingine. Ndipo Hilda alipopata nguvu ya kusema lililobaki: wazee wa kanisa wameamua kumfunika Mama Joan. Mbao juu yake, zulia jipya juu ya mbao, na asifunuliwe tena. Mchana ule ule fundi alikuwa pale. Bwana Felstead hakupenda. Alitaka shaba ibaki wazi, izungushiwe kamba, ipigwe brashi laini tu. Kasisi Rosalind naye hakupenda. Lakini wazee walishikilia.

"Kwa nini?" Audrey akauliza.

"Kwa sababu wanaogopa utarudi na kopo."

"Si waniambie nisirudi nalo!"

Hilda akamtazama. Ilikuwa kama mtu anayesimama ukingoni mwa mto baridi akijishauri. Kisha akaingia.

"Nakwambia mimi," akasema. "Audrey, acha dawa. Usimsugue tena. Hata kidogo, hata siku ya huzuni. Umemmaliza."

"Nimesikia," Audrey akasema.

Na hilo ndilo lote. Maneno hayo yangetosha wakati ule, kama mtu angethubutu kuyasema. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya maganda ya viazi, na kila mmoja aliona kwa mwenzake ni jambo dogo kiasi gani lililowashinda.

Audrey akachukua koti. Akachukua kikapu, na ndani yake kopo.

Kanisani walikuta mbao zimerundikwa kando ya mimbari. Fundi na mzee wa kanisa walikuwa wameliburuta benchi la mbele mpaka ukutani ili wapate nafasi, na Kasisi Rosalind alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, akisema kwa mara nyingine tena kwamba hii ni haraka isiyo na sababu. Mzee wa kanisa alipomwona Audrey aliivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu humo.

Audrey alimpa kasisi kopo. Akasema kwa sauti ambayo hata fundi aliisikia kwamba hatalihitaji tena, na kwamba kama wanamfunika Mama Joan kwa sababu yake yeye, basi sababu imekwisha. Na safari nyingine mzee wa kanisa akiwa na neno naye, anajua anakoishi. Sahani yake ya jibini imefika salama.

Mzee wa kanisa akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema, kwa shida, kwamba anaomba radhi, Bi Larter. Kwamba walidhani wanamtendea wema.

"Najua," Audrey akasema. "Ndiyo maana iliuma."

Akasogea kwa Mama Joan. Mahali lilipokuwa benchi sasa palikuwa wazi, na mwanga wa mchana, uliokuwa ukiishia kwenye pindo la gauni tangu benchi lile lilipowekwa, ulikuwa umeshuka hadi miguuni.

Mbwa alikuwa pale, mzima. Kila unywele ulikuwa umechorwa. Ulimi ulitoka nje upande mmoja. Alikuwa na ukanda wa shingo wenye vikengele, na kila kikengele kilikuwa na ufa wake mdogo na kokoto ndani yake. Macho yake mawili yalikuwa yameinuliwa, yakimtazama bibi yake ambaye hana uso tena, kwa mapenzi makubwa kabisa. Aliyemchonga alikuwa fundi kweli. Hivyo ndivyo alivyokuwa Joan mwenyewe siku zile, mstari kwa mstari, na mtoto wake pia. Mbwa tu ndiye aliyebaki kushuhudia.

Audrey alipiga magoti. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Hilda akamkimbilia, akidhani analia. Alikuwa akicheka.

"Mama alikuwa mvivu," akasema, akifuta macho. "Hakutaka kulala kifudifudi akachafua aproni. Akaniambia mbwa anauma. Maisha yangu yote, Hilda. Maisha yangu yote nimemwogopa."

Fundi alirudisha mbao kwenye gari lake. Kasisi Rosalind akauliza watazungushia nini, maana Bwana Felstead alisema kamba, na kanisa halina kamba ya namna hiyo. Audrey akafikiri, kisha akaenda mnarani. Kwenye msumari nyuma ya mlango ilikuwa imening'inia kamba ya zamani ya kengele kubwa, ile iliyobadilishwa baada ya maziko ya Percy, ikiwa bado na mshikio wake wa sufu nyekundu na nyeupe, uliolainika kwa viganja vyake. Aliibeba begani kama mtu anayembeba kondoo. Wakaizungusha kwenye nguzo fupi za mbao, na ile sehemu ya sufu Audrey akaiweka upande wa kichwani. Kwa hiyo Percy na mke wake wa pili wakakaa pamoja, naye Audrey hakuwaonea wivu.

Siku hizi Audrey bado anakwenda Jumamosi. Ana brashi laini ya nywele za mbuzi aliyoletewa na Bwana Felstead, na anamfuta Mama Joan vumbi kwa mguso ambao hata kipepeo usingemwamsha. Kitambaa hana. Wageni wakisimama kwenye kamba na kuuliza kwa nini huyu mama hana uso, hawaambii ni wale wanaume wa misumari, ingawa angeweza, na wangeamini. "Nilimfuta mimi," anasema. "Kwa kumpenda, na kwa kutoambiwa." Wageni hawajui watazame wapi. Wakiuliza kile cha mviringo mkononi ni nini, anawaambia ni mtoto. Na kama anaishia hapo, sauti ya Hilda inatoka huko kwa simba, bila kugeuka: "Waambie na wa kwako." Naye anawaambia.

Benchi la mbele halikurudishwa. Jumamosi moja Hilda alikuja na ndoo yake akasimama kumtazama akifanya kazi: paji la uso, mashavu, mtoto, mikunjo ya gauni mmoja mmoja. Brashi ilifika kwenye pindo ikasimama.

"Na mbwa?" Hilda akauliza. "Ana vumbi puani, maskini."

"Mwache," Audrey akasema, akijiinua kwa kushika mkono wa mwenzake. "Atakuuma."